Neno Nililomwongezea Afisa

Nilipokuwa darasa la saba, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, Isiolo ilipata mvua mara mbili kwa mwaka, tena ikipenda, na mimi nilijua njia sita za kuieleza mvua kubwa kwa Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa amehakikisha hilo. Alikuwa kijana aliyetoka Kenya, ndivyo tulivyosema. Siku hizo, kwetu sisi, Kenya ilikuwa kila mahali penye baridi na mahindi mabichi, na ukituuliza sisi wenyewe tulikuwa wapi, tulikuwa Isiolo.

Mwalimu huyu alikuwa na daftari la misemo ya Kiingereza. Alilinakili kutoka kwa mwalimu wake, ambaye bila shaka naye alilinakili kwa mtu mwingine, na sidhani kama katika mnyororo wote huo alikuwapo Mwingereza hata mmoja. Kila Ijumaa aliandika misemo ishirini ubaoni. Jumatatu tuliikariri, na kila msemo uliokupotea ulilipiwa fimbo moja. Ndivyo watoto wa wachunga ngamia, wa madereva wa malori na wa askari waliostaafu walivyokuja kujua kwamba Mwingereza asiyejisikia vizuri yuko chini ya hali ya hewa, kwamba kazi nyepesi kwake ni kipande cha keki, na kwamba kitu asichokipenda si kikombe chake cha chai. Hili la chai lilitushinda kabisa. Isiolo nzima hapakuwa na mtu wa kuchagua vikombe. Ukikaribishwa chai, ulikunywa, ukaongezewa, ukanywa tena.

Katika insha, kila msemo ulipata alama yake ya vyema kwa wino mwekundu. Kusema jambo kama lilivyo hakukupata kitu. Mimi niliielewa kanuni hiyo mapema kuliko wenzangu, na ndiyo maana nilikuwa bingwa. Niliandika insha ya ajali ya lori ambamo abiria wote walikufa kabisa kama msumari wa mlango, halafu aya iliyofuata wakafika nyumbani wazima wa afya, kwa sababu misemo yote miwili ilikuwa ya wiki ile. Mwalimu aliisoma insha hiyo mbele ya darasa zima. Hakuna aliyeuliza wale maiti walipandaje tena kwenye lori. Nilikwenda nyumbani, mtaa wa Wabera, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa.

Nyumbani, baba alikuwa na lori moja kuukuu lililobeba mizigo kwenda Marsabit na Moyale. Baba yake, yaani babu yangu, aliletwa na Waingereza kutoka Somalia akiwa askari, akawapigania vita vyao, na wao kwa ukarimu wao wakamshukuru kwa kumwonyesha kipande cha vumbi Isiolo akae. Baba alizaliwa juu ya vumbi hilo. Hata hivyo, hakukupita muda bila mtu fulani wa ofisini au wa kizuizi cha barabara ya kaskazini kumwambia athibitishe kwamba hapa ni kwao. Alithibitisha mara nyingi mno. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwa mwenyeji wa mahali kwa ushahidi mwingi kiasi hicho.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, nilipata nafasi katika shule ya upili ya wasichana huko Kenya, shule ya bweni, yenye vitanda vya ghorofa na maji ya bomba. Barua ya nafasi ilikuja na karatasi ya kukubali. Karatasi hiyo ilitaka afisa wa serikali athibitishe kwa sahihi na mhuri kwamba mimi nilikuwa mimi, na kwamba nilizaliwa pale palipoandikwa. Nilikuwapo siku niliyozaliwa, lakini ushahidi wangu haukuhesabika. Afisa huyo huyo ndiye aliyetakiwa kuituma shuleni kupitia ofisi yake, na iwe imefika kabla ya wiki ya tatu ya Januari kwisha. Isipofika, nafasi ingepewa mwingine. Hilo liliandikwa bila msemo wowote.

Basi baba alivaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akanichukua hadi ofisini. Akawachukua na wazee wawili jirani wawe mashahidi, kwa sababu kwetu jambo kubwa halifanywi na mtu peke yake.

Lazima niieleze lugha ya ofisi ile. Afisa alikuwa Mkenya mweusi kama sisi. Alinunua nyama sokoni kwa Kiswahili, alimgombeza mpishi wake kwa Kiswahili, na nilishawahi kumsikia akipiga soga na mshona viatu kwa Kiswahili kitamu kabisa. Lakini akishaketi nyuma ya meza ile, Kiswahili chote kilimtoka kichwani. Baba naye alikijua Kiswahili cha madereva, kile kinachoweza kufungua kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo wanaume wawili wenye lugha moja nzima walikaa wakitazamana, na mtoto wa miaka kumi na minne aliyevaa sare ya shule akasimamishwa katikati yao ili awasaidie waelewane. Mimi sikuona kioja chochote. Niliona ni heshima yangu.

Afisa aliitazama karatasi, akaniuliza umri wangu, akaiweka juu ya rundo la karatasi nyingine. Kisha akasema, huku akimenya njugu, "Leave it with me."

"Anasema nini?" baba aliniuliza kwa Kisomali.

Ni maneno manne tu. Niachie mimi, basi. Mtu yeyote wa kawaida angelisema hivyo na kwenda zake. Lakini mimi nilikuwa bingwa wa insha, na msemo huu haukuwa katika daftari la mwalimu. Mle mlikuwa na keki, vikombe na misumari ya milango, si maneno ambayo mtu anaweza kuambiwa kweli na mtu mwingine. Nikautafutia nguo zake mwenyewe. Nikasema kwa Kisomali, polepole, wazee wale wakisikia, kwamba bwana afisa amelipokea jambo letu, na kwamba karatasi hii tangu leo ni amana mikononi mwake.

Amana. Neno hilo liko katika Kiswahili, liko katika Kisomali, na mama yangu, aliyekuwa Mborana, alilijua kwa Kiborana. Uzito wake ni ule ule kote. Baba alisimama. Aliweka mkono wa kulia kifuani, kisha akaushika mkono wa afisa kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa muda mrefu. Afisa alimwangalia kwa mshangao, njugu zikiwa bado ndani ya ule mkono. Wazee wawili wakasema alhamdulillahi. Tulipofika nje, baba alirekebisha kofia na kusema, "Yule ni mtu." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya mtu wa ofisi.

Wasioijua kazi ya baba hawataelewa kilichofuata. Watu walimpa vitu apeleke kaskazini: redio, dawa, mahari ya mtu, blanketi la kijana aliyeko Moyale. Hakuandika popote. Hakuna aliyemuuliza vimefika wapi. Mwaka mmoja barabara ilikatwa na mafuriko, na blanketi la bibi mmoja likakaa kwetu karibu miezi mitatu. Bibi yule alipita mlangoni kila siku, akamsalimia baba, akauliza hali ya watoto, ya mbuzi, ya magurudumu ya lori. Blanketi hakulitaja hata mara moja. Kumtajia kungekuwa kumwambia baba kwamba anamwona mwizi, na baba asingemsamehe, wala yeye mwenyewe asingejisamehe.

Kwa hiyo karatasi yangu ikiwa amana, ilikuwa imetoka kwenye ulimi wa familia yetu. Ilikuwa haitajwi.

Wiki ya kwanza ya Januari ikapita. Mama, ambaye hakuwa na subira na mambo ya wanaume, alianza. Yeye na baba walipogombana waligombana kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kujivunia lugha yake.

"Wewe enda uliza tu, baba ya watoto," alimwambia. "Shule inafungua. Kuuliza si matusi."

"Ni matusi," baba alisema. "Mimi nabeba vitu ya watu mpaka Moyale. Nani ananiulizanga? Yule mtu amesema amana mbele ya mashahidi. Sasa mimi niende nimwambie, wewe, umeweka wapi?"

"Kama yeye amesahau?"

"Mtu hasahau amana."

Nami nilikuwa kando nikipepeta mchele. Wakati huo bado niliamini nilichotafsiri, maana nilikuwa nimekisema vizuri sana.

Aliyenizindua alikuwa tarishi wa ofisi ile, Mturkana mmoja mrefu aliyevaa kaptura ya kaki iliyoshonewa mtu wa mapana mengine. Tulikutana dukani, yeye amekuja kununua sukari ya chai ya ofisi. "Sijui kusoma hata herufi moja," ndivyo alivyopenda kujitambulisha, na alijisifia hilo.

"Habari, msichana. Wewe si ni mtoto ya mzee ya lori? Shule umeenda lini?"

Nikamwambia kwa maringo kwamba bado, lakini karatasi yangu iko mikononi mwa bwana mkubwa. Akaniuliza bwana mkubwa alisema maneno gani hasa. Nikamtajia yale maneno manne kwa Kiingereza. Uso wake ukabadilika.

"Ai," alisema. "Hiyo maneno mimi najua. Hiyo anaambianga kila mtu. Yeye akisema vile, mtu anafaa kurudi kesho. Kesho kutwa pia. Yule hajarudi, karatasi yake inakaa tu. Ile ingine ya kusema wataangalia, hiyo ni kusema hawataangalia. Na akisema atakuita, usingoje nyumbani."

Pale, mbele ya magunia ya sukari, nilipata somo langu la kwanza la misemo ya Kiingereza. Mtu huyu hakuwahi kukaa darasani siku moja, lakini alikuwa amebeba chai katika ofisi ile miaka mingi, akasikia kila kilichosemwa mezani, kisha akaona karatasi zilikoishia. Mwalimu wetu aliijua misemo kwa daftari. Tarishi aliijua kwa matokeo yake. Kama mtihani wa taifa ungetungwa na watu wenye akili, yeye ndiye angekuwa mtahini wetu.

"Yako nimeona," aliniambia. "Iko chini ya chupa ya chai. Ambia mzee akuje."

Sasa ninafika mahali ambapo kejeli zangu zote zinanirudia mwenyewe. Nilikuwa na siku tisa kabla ya ile wiki ya tatu kwisha. Ningekwenda nyumbani dakika ile na kumwambia baba: Aabo, yule mtu hakusema amana, ni mimi niliyeongeza, nenda kesho. Sikusema. Nilikuwa bingwa wa Kiingereza wa mtaa mzima. Watu waliniletea barua zao niwasomee, wakaniita mwalimu, wakanipa halua. Wazee wawili walikuwa wamesikia tafsiri yangu na kuisimulia msikitini. Ningewaambia nini? Basi nilijipa sababu. Nilijiambia labda tarishi amekosea, yeye si hajui kusoma? Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kukosa shule, na huo ndio ukweli wote.

Siku tisa zikapita. Wasichana wawili wa darasa langu wakaondoka na masanduku yao ya bati, mama zao wakilia stendi. Mmoja wao hakujua misemo zaidi ya mitano. Jioni ile baba alikaa nje muda mrefu, kisha akatuma watu wawaite wale wazee wawili. Kwetu, kama ni lazima uidai amana, unakwenda na mashahidi wale wale walioshuhudia ikipokelewa, ili yule mtu apewe nafasi ya kuirudisha kwa heshima.

Asubuhi tukaingia ofisini sote wanne. Baba alisalimia, akaketi, akauliza hali ya afisa, hali ya watoto wa afisa, hali ya kazi. Afisa alijibu kwa Kiingereza kwamba yote ni mazuri. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kutafsiri baba aliponishika bega kunizuia. Akasema kwa Kiswahili:

"Nimekuja kuchukua amana yangu."

Afisa akauliza, "Amana gani?" Kwa Kiswahili. Kilimrudia hivyo hivyo, bila hata kukohoa.

"Karatasi ya huyu mtoto."

Afisa akaangalia rundo, akainua daftari, akainua faili, akainua chupa ya chai. Karatasi yangu ilikuwa pale, na duara la kahawia lilikuwa limekaa juu ya jina langu. Akaitazama, akamtazama baba. Nadhani kwa dakika moja aliona aibu, sitamnyima hilo.

"Mzee, nilisahau," alisema.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mwanamume mzima, mwenye meza na bendera na mhuri, alikuwa na neno moja la kawaida kabisa la kueleza jambo kama lilivyo, na lilikuwa limekaa naye muda wote. Aliweka sahihi, akapiga mhuri, akatuahidi kuituma kwa gari la ofisi siku ile ile. Aliituma kweli. Wiki mbili baadaye shule ikajibu kwa barua nzuri sana, yenye masikitiko mengi na matumaini mema, ambayo mama aliniomba nimsomee mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia, "Wamesema nafasi imeshachukuliwa." Hakukuwa na cha kuongeza.

Nikarudia darasa la saba. Nilikaa dawati la nyuma, mrefu kuliko wote, nikaikariri tena misemo ile ile kutoka kwa daftari lile lile. Mwalimu alinisifu kwa kumbukumbu yangu. Insha zangu ziliharibika mwaka huo. Nilikuwa naandika kwamba lori lilianguka na watu watatu wakaumia, na mwalimu akaniandikia pembeni kwamba nimepoteza ladha.

Nilipata nafasi tena, shule nyingine, karatasi kama ile ile, afisa yule yule. Safari hii baba hakunichukua, wala hakuchukua wazee. Hakuvaa kofia ya Ijumaa. Aliiacha karatasi Jumatatu, na Jumanne asubuhi akarudi akaketi kwenye benchi la nje hadi alipoitwa, akauliza, "Karatasi imefika wapi?" Jumatano akauliza tena. Lori lake lilisimama nyumbani na mizigo ya watu juu. Tarishi ndiye aliyenisimulia. Baba mwenyewe hakutuambia anakokwenda. Tarishi alisema mzee anakaa wima kabisa kwenye benchi, hazungumzi na mtu, na akishauliza swali lake anatoka bila kuaga. Nilichoona mimi ni kwamba akirudi nyumbani alikwenda kwanza kwenye birika, akasukutua mdomo, ndipo akaweza kutusalimia. Mama aliona pia. Siku zote hizo hakumwambia hata mara moja kwamba kuuliza si matusi.

Siku ya kumi na moja alirudi na karatasi yenyewe mkononi, ina sahihi na mhuri. Hakutaka itumwe na ofisi. Angeipeleka mwenyewe hadi mlango wa shule. Alinionyesha mhuri, lakini usoni hakunitazama, na hapo nikashindwa kuendelea kubeba lile jambo.

"Aabo," nilimwambia, "mwaka jana yule mtu hakusema amana. Alisema umwachie, basi. Neno la amana nililiweka mimi."

Alikuwa akiikunja karatasi aitie ndani ya mfuko wa nailoni. Akaendelea kuikunja.

"Najua," alisema. "Yeye alisema maneno manne. Nilihesabu. Wewe ulisema mengi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukuenda kuuliza?"

Aliitia karatasi ndani ya mfuko, akaufunga fundo.

"Nimezaliwa hapa," alisema, "na tangu nizaliwe hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniambia neno kama lile. Nikasema labda. Nilitaka liwe lake."

Kisha akanipa ule mfuko niushike mwenyewe, akatoka kwenda kufunga mizigo ya watu kwenye lori. Nilisimama pale mlangoni nikalia, na yeye akaniacha nilie.